Machozi ya Mara ya Sita

Gisenyi, mji wa Rwanda ulio mpakani na Kongo, ina watu wa kila namna, lakini mwenye ulimi kama wa Mwiza alikuwa mmoja tu. Alikuwa mpiga picha wa filamu na televisheni, mwanamke mrefu wa miaka thelathini na tisa. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kuliko la kushoto, maana kamera ilikuwa imelikalia miaka kumi na minane. Alizaliwa Karagwe, wazazi wake walikokuwa wakimbizi, akavuka kuja Rwanda akiwa msichana, na Kiswahili chake alikileta kama kilivyo. Kinyarwanda alikitumia kusalimia wakubwa na kusali kanisani. Ya kudharau watu aliyasema kwa Kiswahili, kwa sababu, alisema, ndicho kilichomkolea.

Na watu wa kuwadharau hawakuwa haba. Kazi aliianzia kwenye studio ya harusi karibu na soko, kwa bwana mmoja wa Bukavu aliyekuwa hodari wa kamera hadi chupa ya pili. Siku moja bwana yule alilala kwenye kiti cha wageni kabla bibi harusi hajafika, Mwiza akaichukua kamera kutoka mapajani mwake, akapiga harusi nzima. Tangu siku hiyo hakuishusha. Aliwaona maharusi wakiingia kanisani mara tatu kwa sababu gari la kukodi halikuonekana vizuri mara mbili za kwanza. Alimpiga picha mheshimiwa mmoja akipanda mti. Tai ya mheshimiwa ikawa imekaa upande, basi mti ukang'olewa, tai ikanyooshwa, mti ukapandwa upya. "Ulikauka wiki iliyofuata," Mwiza alikuwa akisimulia, "lakini kwenye televisheni una afya njema mpaka leo."

Hakumwacha hata anayempa kazi. Rutagengwa, mhariri wa kituo kidogo cha televisheni pale mjini, ndiye aliyemwita mara nyingi kuliko wote. Mwiza alitangaza mbele ya watu, tena Rutagengwa mwenyewe akiwa anakunywa chai meza ya pili, kwamba yule bwana ukimpa maikrofoni na mchi wa kinu achague, atatangaza habari kwa mchi. Watu walicheka. Rutagengwa alimaliza chai yake, akaondoka, na kwa miezi mingi simu yake haikulia tena kwa Mwiza.

Lakini nyani haoni kundule. Huyu aliyejua kila uongo wa kila mwenye tai alikuwa na kasoro moja ambayo hakuna aliyewahi kumwambia: watu aliowapiga picha hakuwauliza majina. Kwake, waliosimama mbele ya lenzi walikuwa wa aina mbili tu, waongo na wanaodanganywa. Waongo aliwacheka. Wanaodanganywa aliwahurumia kwa mbali, kama mtu anavyomhurumia mbuzi wa jirani, halafu akafunga begi lake akaenda nyumbani.

Mwaka ule kabla ya corona alipigiwa simu na Connie. Connie alikuwa mtayarishaji wa filamu kutoka Kigali, aliyekulia Mbarara, na Kiswahili chake alikishona kwa vipande vya Kiingereza.

"Mwiza, my dear, nisaidie. Cameraman wetu ameugua. Ni siku nne tu, hapo Nyamyumba, filamu ya wavuvi. Director ni mtu mkubwa, anatoka Brussels."

"Ukubwa wake ni wa nini?" Mwiza aliuliza. "Wa kazi au wa kiuno?"

Connie alicheka kama watu wanavyocheka wanapohitaji kitu. Mwiza akakubali. Alikuwa na miezi hajashika kamera ya maana.

Mtu mkubwa aliitwa Igor. Alikuwa Mnyarwanda wa kuzaliwa na Mbelgiji wa mengine yote: Kinyarwanda chake kilikuwa cha mtoto wa miaka mitano, Kiswahili hakujua hata cha kuombea maji, na shingoni alivaa skafu ya sufi kwenye jua la saa saba. Kila alipotaka kuona kitu aliunganisha vidole vya mikono miwili vikawa dirisha, akachungulia humo. Aliuchungulia mwalo, mahali wavuvi wanaposhushia samaki, akaichungulia mitumbwi, akamchungulia na Théogène, kiongozi wa wavuvi, ambaye alikuwa amesimama hatua tatu mbele yake na mkono wa salamu ameunyoosha.

Wavuvi walikuwa wamejiandaa. Mitumbwi yao, inayofungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu ili ibebe wavu wa sambaza, dagaa wa ziwa lile, walikuwa wameisugua tangu asubuhi. Wenyewe walivaa mashati ya Jumapili, na juu yake yale majaketi ya rangi ya machungwa ya kuokolea maisha, maana sheria ya ziwa haina mzaha.

Igor alipowaona alishika kichwa. Akasema maneno mengi kwa Kifaransa, na Connie akatafsiri kwa aibu: rangi ya machungwa inaua picha, wavue. Tena mashati yale hayafai, wanaonekana kama watu wanaokwenda benki. Ukafunguliwa mfuko wa mitumba iliyonunuliwa sokoni Mahoko siku iliyotangulia, na mbele ya macho ya watu wote msichana wa mavazi akatoa mkasi, akaanza kuyachana mashati mazima.

Théogène aliangalia kazi ile mpaka shati la nne. Kisha akamsogelea Mwiza aliyekuwa anafunga lenzi.

"Dada Mwiza, huyu mutu ametoka Bulaya, ao ametoka hospitali?"

"Ametoka shule," Mwiza alijibu. "Huko ndiko wanakojifunza umaskini unafananaje."

"Bon. Na polisi ya maji ikikuja, ni yeye atavaa pingu?"

Mwishowe walikubaliana kwamba majaketi yavuliwe wakiwa karibu na ufuko tu, mahali maji yanafika kifuani. Wavuvi wakaingia mitumbwini na matambara yao mapya, wakaimba wimbo wao wa kuvutia makasia, mara tano, wakienda mita thelathini na kurudi mita thelathini. Mwiza alipiga. Alipiga vizuri, maana kazi aliijua na mkono wake haukujua kufanya vibaya kwa makusudi. Lakini moyoni alikuwa amekwisha kumpanga Igor kwenye safu ya juu kabisa ya watu aliowadharau, juu hata ya yule wa mti.

Siku ya tatu ikaja zamu ya Mukamusoni.

Mukamusoni alikuwa muuza sambaza wa pale Nyamyumba, mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye mikono minene. Kila asubuhi alipita Petite Barrière, kituo cha mpakani cha kuingilia Kongo, na beseni kichwani kwenda kuuza Goma, akarudi mchana. Igor alikuwa amemchungulia kwa lile dirisha lake la vidole, akaamua kwamba uso ule ni wa mjane. Kwamba Mukamusoni ana mume hilo halikumsumbua. Mume, mzee Sebagabo, alikuwa palepale mwaloni, ameketi juu ya gunia anashona wavu, na ilibidi aombwe kwa heshima akaketi nyuma ya kibanda cha injini, kwa sababu kila alipokohoa alisikika kwenye maikrofoni, na marehemu hakohoi.

Mwiza alipotaka kujua mama yule amekubalije upuuzi huo, Connie alimwambia, "Amekubali tu. Ameomba mwishoni aseme kitu chake kidogo. Igor amesema fine."

Mwiza hakuuliza hicho kitu kidogo ni kipi.

Igor alitaka maji mengi mbele ya picha, kwa hiyo Mwiza aliwekwa mwisho wa gati, mbali, na lenzi ndefu. Kutoka pale aliuona uso wa mama ukijaa kioo kizima, lakini sauti haikumfikia. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, na aliyesikia kila neno alikuwa mmoja tu, Nshuti, mtu wa sauti, aliyesimama karibu na mama na spika zake masikioni. Kile kitaa chekundu cha mbele ya kamera, kinachowaka inaporekodi, kilikuwa kimefunikwa kwa utepe mweusi tangu siku ya kwanza, kwa amri ya Igor, kwa sababu wavuvi walikuwa wakikitazama. Na kwenye skrini yake ya ufukweni Igor aliamuru maandishi yote yaondolewe, alama ya kurekodi ikiwemo. Yalimharibia picha, alisema. Hivyo ikawa kwamba mtu pekee mwaloni pale aliyejua kama kamera inameza au inatazama tu alikuwa Mwiza.

"Moteur!" Igor alipaza sauti, yaani kamera ianze.

Mara ya kwanza Mukamusoni alipiga magoti, akatoa sauti ya kilio, akainuka kwa haraka kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Igor hakuridhika. Apige magoti majini. Mukamusoni akaingia majini na kitenge chake. Igor akasema amtaje mume wake. Mukamusoni akaita, "Sebagabo, we, Sebagabo!" na kutoka nyuma ya kibanda mzee akaitika, "Niko!" Wavuvi waliokaa juu ya mitumbwi walicheka mpaka mmoja akadondoka majini. Mukamusoni naye alicheka, akiwa amepiga magoti.

Mwiza hakucheka. Alimtazama mama yule kwenye kioo, amelowa mpaka kiunoni, na akamwona Igor akimwendea na kumwinamisha kichwa kwa vidole viwili, kama mtu anayeweka sawa chungu cha maua. Mara ya tatu ilipoanza, kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, na hakukibonyeza. Akaielekeza lenzi, akaifuata sura ile kwa ustadi wote, akaikoleza, akaituliza. Hakurekodi kitu.

Hakurekodi ya nne. Hakurekodi ya tano, ambayo Igor aliiagizia kitunguu. Kila Igor alipoinua kidole gumba kutoka ufukweni, Mwiza naye aliinua chake. Katika miaka yake yote hakuwahi kuonja utamu kama ule.

Mara ya sita Mukamusoni alikataa kitunguu. Aliinama kidogo. Kisha akaingiza mkono kifuani, akatoa picha ndogo iliyofungwa kwenye plastiki, akaigeuzia kamera, akaanza kusema. Hakuwa anapiga kelele tena. Midomo ilikuwa ikisogea polepole, kama ya mtu anayemwelekeza mgeni njia, na machozi yakishuka bila yeye kuyashughulikia. Mwiza aliona kwamba machozi haya si yale. Kidole kikarudi kwenye kitufe, kikasita. Akajiambia: hata haya wameweza kumkamua. Basi hasa haya hawatayapata.

Akakiondoa kidole.

Igor alipiga makofi. Alimkumbatia Mukamusoni kwa kuogopa kulowa, akaagiza vyombo vifungwe.

Siku ya sita baada ya hapo simu ya Connie ikaja, na safari hii haikuanza na my dear.

"Mwiza, kadi ya mama haina kitu. Kuna mbili za kwanza tu, ile anainuka haraka na ile mume anaitika. Sauti ya Nshuti ipo yote sita. Picha ziko wapi?"

"Hazipo."

"Kamera iliharibika?"

"Kamera ni nzima. Mimi sikubonyeza."

Nyuma yake Mwiza alisikia sauti ya Igor ikipanda na kushuka kwa Kifaransa. Kisha Connie akasema kwa upole uliomkera kuliko matusi, "Kama ulikuwa hutaki, ungesema. Ungeshusha kamera, ukasema."

Mwiza akakata simu. Kufikia Jumatatu habari ilikuwa imefika kila ofisi ya filamu Kigali: yule wa Gisenyi haaminiki, anasimama nyuma ya kamera anadanganya. Yeye alijibeba kama mshindi. Alikisimulia kisa kile kwenye mgahawa wa maziwa, akakisimulia saluni, akakisimulia kwa waendesha pikipiki, na kila mara skafu ya Igor ilizidi kurefuka. Watu walicheka, na wengine walimwambia ametetea heshima ya mama mzima.

Maneno hayo ya mwisho yakamwingia. Akaona ni haki mama mwenyewe ajue. Akapanda pikipiki mpaka Nyamyumba, akamkuta Mukamusoni kwenye chanja anageuza sambaza juani.

"Mama Niyo," alianza, maana njiani alikuwa amesikia wakimwita hivyo, "shikamoo. Nimekuletea habari ya kukufurahisha. Yule bwana wa skafu hana hata chozi lako moja. Sikurekodi."

Mukamusoni aliendelea kugeuza samaki. "Haukurekodi nini?"

"Kilio chote. Tangu ya tatu mpaka ya sita. Nilikuwa nakuonea uchungu, mama. Walikuwa wanakuchezea."

"Na ya sita?"

"Hata ya sita."

Mikono ya Mukamusoni ikasimama. Akamtazama Mwiza kutoka miguuni, akapanda taratibu mpaka usoni, jinsi wanawake wa sokoni wanavyotazama samaki wa jana.

"We mwenyewe njo ulifanya ivi? Si mashini?"

"Mimi mwenyewe."

"Nani alikutuma unichungie machozi yangu?"

Mwiza akarudi nyuma hatua moja. Lilikuwa jambo geni kwake.

"Unafikiri mi niko mujinga," Mukamusoni alisema. Hakupandisha sauti. "Unafikiri sikuona ule mutu ananichezea? Mi nauza samaki Goma miaka ishirini, nachezewa na batu ba akili kumushinda. Nilikubali kusema uongo yake, donc yeye aniachie niseme ukweli yangu mara moja. Ilikuwa ya sita. Nilitaja jina ya mutoto yangu."

Ndipo akamweleza, akiwa amesimama, bila kumkaribisha akae. Mwanawe, Niyonsenga, alikuwa mvuvi kwenye mitumbwi ya Théogène. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa nne, dhoruba iliwapindua watu wanne. Watatu waliokolewa. Yeye hakuonekana, hai wala mfu. Maji ya ziwa lile, wavuvi wanajua, hupeleka wengine Idjwi, kisiwa cha upande wa Kongo. Mukamusoni alikuwa ameuliza Goma, kila siku ya soko, kila muuzaji wa kisiwani aliyepita mbele ya beseni lake. Hakuna aliyejua.

"Lakini batu ba Idjwi banaangaliaka televizyo ya huku. Nilijua ile filme itapita pale. Nilionyesha picha yake. Nilisema kidole gumba ya kushoto ilikatwa na kamba, ju ya mutu amutambue. Nilisema kama muko mulimuzika, munionyeshe fasi analala. Sasa we unakuja hapa na kucheka meno yote inje, unaniambia umenisaidia. Yewe! Toka mbele ya samaki yangu, unazitia kivuli."

Mwiza aliondoka. Pikipiki ilikuwa inamngoja lakini alitembea. Alipita karibu na chemchemi za maji ya moto, watu wamekaa wameloweka miguu, mmoja akamwita amsimulie ya skafu, naye akapita kama hakusikia. Maisha yake yote alikuwa amewapima watu, nani anadanganya na nani anadanganywa, na mama yule hakuwa kwenye mzani wake kabisa. Alikuwa amefanya biashara na mwongo akijua ni mwongo, akalipa bei, na bidhaa yake ikaibwa na mtu aliyejiita mwema.

Kesho yake alirudi. Alitaka amrekodi mama upya yeye mwenyewe, kwa kamera yake kuukuu. Mukamusoni akamwambia machozi yake si bomba la kufungua na kufunga. Alirudi wiki iliyofuata, akafukuzwa. Mara ya tatu hakuomba. Alikaa akasaidia kugeuza sambaza, vibaya, mpaka Sebagabo alipomhurumia.

"Muache afanye," mzee alimwambia mkewe. "Sisi tunataka nini, kiburi ao mutoto?"

Mukamusoni alifikiri mpaka chanja kikaisha. Akatoa masharti. Halii. Hapigi magoti. Ataketi palepale kazini kwake, na mume wake atakaa kando yake, hai, akikohoa apendavyo. Atasema mara moja tu.

"Na we utanionyesha kama ile kitu iko inaingiza," alisema. "Sikuamini."

Mwiza akamwonyesha kitaa chekundu. Mukamusoni akakikazia macho, akaanza. Alisema dakika moja na nusu. Sebagabo alikohoa mara mbili.

Kazi ikawa ni nani atakayeirusha. Pale mjini njia ilikuwa moja, nayo ilipita mlangoni kwa Rutagengwa, mtu wa mchi wa kinu. Mwiza alikwenda. Rutagengwa alimweka kwenye benchi la nje asubuhi yote, na wafanyakazi wakapita wakimtazama, wengine wakijifanya wanatafuta kitu. Mchana akaitwa. Rutagengwa aliitazama ile picha mpaka mwisho, kisha akaegemea kiti.

"Imepigwa vizuri," alisema. "Kwa hiyo mchi wangu leo una faida?"

"Nilikukosea, bwana Rutagengwa."

"Sema kwa sauti. Mlango uko wazi."

Mwiza akasema kwa sauti. Kila meza ikasikia. Rutagengwa, ambaye hakuwa mtu mkubwa wa kiasi cha kuiachia nafasi kama ile, akaongeza kwamba binti yake anatolewa mahari mwezi ujao, na angependa apigwe picha na mtu hodari, bila malipo. Mwiza akakubali hilo pia. Alimdharau bado, hata pale akiwa amesimama mbele ya meza yake. Alimdharau kwa kila kitu isipokuwa kimoja: aliirusha Jumapili ileile baada ya habari, akairudia Jumatano, na hakukata hata neno.

Siku kumi zikapita. Ya kumi na moja, mtu wa Idjwi alipiga simu kituoni. Jina lake Bahizi, mkulima wa kahawa. Alisema mwaka ule wa dhoruba maji yaliwaletea kijana chini ya shamba lake. Walimzika siku hiyohiyo, kwa sala, kama mtu wa watu. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kifupi.

Walikwenda wawili, Mukamusoni na Mwiza. Sebagabo alibaki, tangu dhoruba ile alikuwa hajaingia kwenye mtumbwi na aliapa hataingia. Petite Barrière walipimwa joto la mwili kwa sababu ya Ebola iliyokuwa upande wa pili, wakanawa mikono, wakapita kati ya wabeba mizigo, na Goma wakapanda boti ya abiria. Njia nzima Mukamusoni alizungumza habari ya bei ya sambaza.

Bahizi aliwapokea kwenye gati, akawapandisha kilimani kupitia kahawa. Kaburi lilikuwa ukingoni mwa shamba, fungu la udongo lenye msalaba wa mti, na juu ya msalaba mtu alikuwa ameandika kwa rangi ya mlango neno moja, MUGENI.

"Hatukujua jina, mama," Bahizi alisema. "Utusamehe."

Mukamusoni aliuliza alikuwa amevaa nini. Suruali ya kijivu, Bahizi akasema, gotini ina kiraka cha kitenge cha njano. Mukamusoni akatikisa kichwa kukubali, kiraka alikishona yeye. Akainama, akaanza kung'oa majani juu ya kaburi. Bahizi akasaidia. Mwiza alisimama na begi lake limefungwa, hajui mikono yake aiweke wapi.

Mukamusoni akamtazama kwa juu ya bega.

"We unangoja nini? Sebagabo hatakuja huku. Piga, aone."

"Nianzie wapi, mama?"

Lilikuwa swali ambalo hakuwahi kumwuliza mtu yeyote aliye mbele ya kamera yake.

"Anzia kule chini, kwenye maji. Panda pole pole. Usipige mi. Piga fasi."

Akapiga hivyo, kutoka majini, kwenye mawe, kupitia kahawa, mpaka kwenye msalaba. Mukamusoni aliingia kwenye picha mara moja tu, mkono wake, uking'oa gugu.

Jioni ya kesho yake Sebagabo aliishika kamera kwa mikono miwili, akatazama kwenye kile kioo kidogo. Aliomba arudishiwe mwanzo. Mara ya tatu akasema kaburi limewekwa kwenye mteremko, mvua itaushusha ule udongo wote ziwani, watu wa kisiwani hawajui kujenga. Mwezi haukuisha akamwendea Théogène kuomba jaketi la machungwa, akalifunga mpaka shingoni, akaingia kwenye mtumbwi wa kwenda Idjwi na mifuko miwili ya saruji, akiwagombeza wote waliotaka kumshika mkono.